Mbofyo Uzuiwe au Uachwe Upite?

Mjadala huu una sauti tatu. Kila anayeandika kodi ya kurasa za wavuti amewahi kuzisikia, na mara nyingi zote tatu zinasema ndani ya kichwa kimoja. Mzuiaji ni fundi anayetaka kazi iishe leo. Mfuatiliaji hagusi mstari wowote kabla hajajua tukio limetoka wapi na limepita wapi. Mpimaji ni dada anayeshika simu ya bei nafuu na kubonyeza kila kitu kwa mpangilio ambao mafundi hawakuuwaza. Sauti nimeziunda mimi, lakini hitilafu wanazozibishania ni za kweli na zinatokea kila siku. Nami sikukaa katikati. Nitaingilia pale ninapoona upande mmoja umekosea.

Waanze na hitilafu ya zamani kuliko zote. Ukurasa una kitufe kilichoandikwa "Ongeza mteja". Ukikibofya, kidirisha cha kujaza jina na namba ya simu kinapaswa kufunguka juu ya ukurasa. Hakionekani. Konsoli haina ujumbe wowote mwekundu.

MFUATILIAJI: Kinafunguka, kaka. Kinafunguka na kujifunga kabla jicho halijakiona. Isimamishe kodi kwenye mstari wa kufungua, utaona imefika hapo. Iache iendelee, utaona mstari wa kufunga nao umefikiwa, kwa mbofyo uleule.

MZUIAJI: Si fumbo hilo. Tumeweka kanuni ya "akibofya nje, funga", na kisikilizi chake kimekaa kwenye hati nzima. Kitufe kiko nje ya kidirisha. Mbofyo unafungua kwenye kitufe, unapanda hadi kwenye hati, unakikuta kisikilizi, unafunga. Dawa yake naijua: stopPropagation. Naiweka kwenye kitufe, mbofyo unaishia hapo, nafungua kazi nyingine.

MFUATILIAJI: Dawa hiyo inafanya mengi kuliko unavyotaka ifanye. Mwaka 1997 Netscape 4 na Internet Explorer 4 hazikukubaliana tukio lisafiri vipi. Netscape ililikamata juu, likishuka kuelekea kitufe. Internet Explorer ililianzia kwenye kitufe likapanda. W3C ilipotoa kiwango cha DOM Level 2 Events mwezi Novemba 2000, haikuchagua mshindi, ilizichukua njia zote mbili. Ndiyo maana mpaka leo mbofyo mmoja unashuka kutoka juu mpaka kwenye kitufe, kisha unapanda kurudi juu, na addEventListener isipoambiwa vingine husikiliza wakati wa kupanda. Ukiukata mbofyo kwenye kitufe, unawakatia wote walio juu, si yule mmoja aliyekukera.

MZUIAJI: Wote hao ni akina nani? Ukurasa ni wangu.

MFUATILIAJI: Menyu ya kuchagua lugha pale juu kulia, je? Nayo inajifunga mtu akibofya nje, na kisikilizi chake kiko kwenye hati hiyohiyo. Mtu akifungua menyu halafu akabofya kitufe chako, menyu haisikii kitu. Inabaki wazi nyuma ya kidirisha. Mwezi ujao mwenzetu ataletewa hitilafu ya menyu, ataisoma kodi ya menyu mstari kwa mstari, na kosa haliko kwenye menyu.

Hapa naungana na Mfuatiliaji bila kusita. Kulizuia tukio lisipande ni sawa na mjumbe wa nyumba kumi kuikalia barua ya mkazi isifike kata: kero ya mtaa wake imetulia, lakini kata inaendelea kuamua mambo kama vile barua haikuandikwa. Kibaya zaidi, hakuna anayejua kwamba barua ilikuwapo. Kivinjari hakitoi onyo, konsoli iko kimya, na kodi iliyokosa kuitwa haiachi alama yoyote ya kutokuitwa kwake.

MZUIAJI: Sawa, basi nitakiwekea kisikilizi cha hati setTimeout ya sifuri. Kisajiliwe baada ya mbofyo kumaliza safari.

MFUATILIAJI: Hiyo angalau haimnyamazishi mtu. Lakini itakuwa imetibu bila kueleza, na siku mazingira yakibadilika utashangaa. Waulize waliohamia React 18 iliyotoka Machi 2022. Kodi nyingi zilisajili kisikilizi cha hati ndani ya useEffect, na zilikuwa salama kwa sababu tu useEffect ilichelewa kidogo. Toleo la 18 likaanza kuiendesha papo hapo pale inapotokana na mbofyo. Kisikilizi kikawa kinawekwa kwenye hati wakati mbofyo bado uko njiani kupanda, unafika, unakikuta, kidirisha kinafungwa. Usalama wao wote ulikuwa umekaa juu ya ucheleweshaji ambao hakuna aliyeahidiwa. Mimi ningekiuliza kisikilizi chenyewe: mbofyo huu umetoka kwenye kitufe kinachofungua? Kama ndiyo, si kazi yako. Mstari mmoja: if (kitufe.contains(tukio.target)) return, na tukio liendelee na safari yake.

MPIMAJI: Samahani ndugu zangu, mmeshakirekebisha? Maana nimekijaribu. Sasa kinafunguka. Ila ndani yake kuna orodha ya namba za simu, na kila namba ina alama ya kuifuta. Nikifuta namba moja, kidirisha chote kinajifunga.

MFUATILIAJI: Alama ya kufuta iko ndani ya kidirisha. Haiwezi kuhesabiwa kuwa nje.

MPIMAJI: Inahesabiwa. Kila mara.

Ni kweli inahesabiwa, na nataka msomaji aione kwa karibu, maana ni hitilafu inayoweza kumla fundi hodari. Mbofyo unaanzia kwenye alama ya kufuta. Kisikilizi cha alama hiyo kinaiondoa namba pamoja na mstari wake wote, alama yenyewe ikiwemo. Mbofyo unaendelea kupanda, kwa sababu njia yake ilishapangwa kabla haujaanza safari. Unafika kwenye hati. Kisikilizi cha hati kinauliza: je, kidirisha kinayo elementi iliyobofywa? Kinapouliza, elementi hiyo imeshang'olewa kwenye ukurasa. Jibu linakuwa hapana, na hapana kwake maana yake ni "nje". Swali lilikuwa sahihi, ila limeulizwa kwa kuchelewa. Dawa ni kuuliza njia badala ya mahali: tukio.composedPath() inarudisha orodha ya elementi ambazo mbofyo ulipangiwa kupitia, na kidirisha kitakuwemo hata kama alama ya kufuta imeshatoweka.

MPIMAJI: Kuna lingine. Safari hii kwenye kompyuta, nimeandika jina refu kwenye kisanduku, nikataka kulifuta lote. Nikabonyeza kipanya ndani ya kisanduku, nikaburuta kwenda kushoto ili kulichagua neno zima, mkono ukavuka mpaka wa kidirisha, nikaachia. Kikajifunga na kila nilichoandika kikaenda.

MZUIAJI: Umeachia nje, dada.

MPIMAJI: Nimeachia nje, lakini sikubofya nje. Nilikuwa nachagua maandishi. Wewe hujawahi kuburuta ukapitiliza?

Mpimaji ana haki, na kiwango cha wavuti kinaeleza kwa nini. Kitufe cha kipanya kikibonyezwa juu ya elementi moja na kuachiwa juu ya nyingine, tukio la click hupelekwa kwa mzazi wa karibu anayezikusanya zote mbili. Kama umetumia elementi ya <dialog>, eneo la kivuli kinachozunguka kidirisha ni sehemu ya <dialog> hiyohiyo, kwa hiyo mzazi wa pamoja ni kidirisha chenyewe, na kodi inayosema "mbofyo ukilenga <dialog> moja kwa moja basi ni nje" inakubali na kufunga. Anayetaka haki itendeke lazima aangalie mwanzo wa tendo pia: pointerdown ilitokea wapi? Nje, kisha ikaachiwa nje, hapo ndipo mtu ameomba kufunga.

Mpaka hapa ni kero za kupoteza maandishi. Mjadala ulipofika kwenye malipo, sauti zilibadilika.

Kodi iliyokuwa mbele yao ni fupi, na imeandikwa na watu wengi kwa namna hii:

function fungua(kiasi) {
  kidirisha.showModal();
  thibitisha.addEventListener('click', () => lipa(kiasi));
}

Mteja anabofya "Lipa", kidirisha kinamwuliza kama ana hakika, anabofya "Thibitisha", ombi linakwenda kwenye seva, na simu yake inaletewa ujumbe wa kuweka namba ya siri ya pesa za mtandao. Ukijaribu mara moja inafanya kazi vizuri kabisa.

MPIMAJI: Mimi sikujaribu mara moja. Nilifungua kwa shilingi 20,000, nikaghairi. Nikabadilisha nikaweka 35,000, nikafungua tena, nikathibitisha. Nikaangalia kichupo cha mtandao kwenye zana za wasanidi programu. Yamekwenda maombi mawili. La kwanza la 20,000, la pili la 35,000.

MZUIAJI: Umebofya mara mbili.

MPIMAJI: Nimebofya mara moja, na nikaghairi ile ya kwanza. Nilighairi. Mteja akighairi anaamini amekwisha kughairi.

MFUATILIAJI: Chagua kitufe cha "Thibitisha" kwenye zana, kisha andika getEventListeners($0) kwenye konsoli ya Chrome. Utaviona viwili. Fungua na ughairi tena, viwe vitatu. Kila kidirisha kinapofunguliwa tunazaa kisikilizi kipya, na kughairi hakukiondoi kilichotangulia. Kivinjari hukataa kusajili kitu mara mbili pale tu fanksheni inapokuwa ileile. Sisi kila mara tunakipa fanksheni mpya isiyo na jina, yenye kiasi chake ndani.

MZUIAJI: Basi nazima kitufe mara tu kinapobofywa. disabled iwe true.

MFUATILIAJI: Visikilizi vyote viwili vinaitwa na mbofyo mmoja. Cha kwanza kikikizima kitufe, cha pili kimeshapangwa kuitwa na kitaitwa.

MZUIAJI: stopPropagation.

MFUATILIAJI: Inazuia kupanda. Hivi viwili vimekaa kwenye kitufe kimoja, hakuna pa kupanda.

MZUIAJI: Basi stopImmediatePropagation. Hiyo inakata hata vilivyo kwenye elementi moja. Cha kwanza kikishaitwa, vingine vyote vinanyamaza. Ombi moja tu.

MPIMAJI: La kiasi gani?

Napenda kulisimamisha swali hilo hapo, kwa sababu ndani yake mna kila ninachokiamini kuhusu hitilafu za aina hii. Visikilizi huitwa kwa mpangilio wa kusajiliwa kwao. Cha kwanza ni cha ile 20,000 iliyoghairiwa. Dawa ya Mzuiaji ingeleta ombi moja, safi, bila kurudiwa, la kiasi ambacho mteja alikikataa. Jaribio la kuhesabu maombi lingepita. Ripoti ya hitilafu ingefungwa. Na mteja aliyethibitisha 35,000 angeletewa kwenye simu ujumbe wa kulipia 20,000, au muuzaji angetoa mzigo wa 35,000 huku amepokea pungufu. Kunyamazisha tukio bila kujua ni nani anayenyamazishwa kumeigeuza hitilafu inayoonekana kuwa ile isiyoonekana. Kwenye pesa za watu hilo silikubali hata kidogo.

MZUIAJI: Nimekuelewa. Na once: true? Kisikilizi kijiondoe baada ya kuitwa.

MFUATILIAJI: Kijiondoe baada ya kuitwa, ndiyo. Cha kidirisha kilichoghairiwa hakikuitwa. Bado kipo.

MZUIAJI: Na removeEventListener wakati wa kughairi?

MFUATILIAJI: Ukiipa fanksheni ileile, na si nyingine yenye maneno yaleyale. Ukiandika tena mshale mpya mle ndani haiondoi kitu, wala hailalamiki. Njia iliyonyooka ni kusajili mara moja tu, nje ya fungua, na kiasi kisomwe wakati wa kuthibitisha. Ukitaka kubaki na umbo ulilonalo, tengeneza AbortController kila unapofungua, kipe kisikilizi signal yake, na tukio la close la kidirisha liite abort. Hapo kila kilichozaliwa na kidirisha kinakufa nacho, kimeghairiwa au kimethibitishwa.

MPIMAJI: Na seva je? Mimi siamini ukurasa peke yake. Ombi liwe na kitambulisho, na seva ikatae kitambulisho ilichokwisha kukipokea.

MFUATILIAJI: Sawa, ila kitambulisho kitokane na oda. Kikizaliwa ndani ya kisikilizi, visikilizi viwili vitazaa vitambulisho viwili, na seva itayaona maombi mawili halali.

Haki yake Mzuiaji nayo isemwe, maana kuna mahali hoja yake ina uzito. Katika React, kidirisha kinachochorwa kwa portal hukaa mwishoni mwa ukurasa, mbali na kadi ya bidhaa iliyokifungua, lakini matukio yake hupanda kwa kufuata mti wa React. Kadi ikiwa na onClick ya kufungua maelezo ya bidhaa, mtu akibofya "Ghairi" ndani ya kidirisha, kadi inasikia, na anajikuta kwenye ukurasa wa maelezo ambao hakuuomba.

MZUIAJI: Hapo sasa! Kidirisha ni chumba kingine. Kwa nini kadi isikie yanayosemwa humo? Nafunga mlango wa chumba chote kwa stopPropagation moja, na kila fundi anajua mlango uko wapi.

MFUATILIAJI: Hapa nakubali kwamba angalau unajua unamnyamazisha nani. Bado ningeiambia kadi iulize: currentTarget yangu inayo kweli target hii kwenye ukurasa? Kidirisha kiko kwingine, jibu ni hapana, kadi inakaa kimya. Na vilivyo juu ya kadi vinaendelea kusikia.

Kwangu njia zote mbili zinavumilika hapa, mradi mstari unaozuia uwe na maelezo kando yake yanayosema unamzuia nani. Bora kuliko zote ni kukitoa kidirisha nje ya kadi tangu mwanzo.

MZUIAJI: Kwa nini tunahangaika na haya yote? Kivinjari kina <dialog> yake. Tuiachie kazi.

Wazo zuri, na limechelewa kutufikia. Chrome 37 ya mwaka 2014 ilileta <dialog>, na toleo hilohilo likaizima showModalDialog ya zamani iliyoanzia Internet Explorer. Firefox 98 na Safari 15.4 zilikuja nayo Machi 2022, miaka karibu minane baadaye. Kuanzia hapo kivinjari chenyewe kinakiweka kidirisha juu ya kila kitu, kinazuia vilivyo nyuma visibofywe, kinasikiliza Escape, na kikifungwa kinairudisha fokasi kwenye kitufe kilichokifungua. Anayetumia kisoma skrini anajua tofauti yake kuliko sisi.

MPIMAJI: Nimeijaribu hiyo pia. Kwenye fomu ya kusajili wakala kuna "Chagua picha ya kitambulisho". Nimefungua kichagua faili, nikabadili mawazo, nikakighairi. Fomu nzima ikafutika.

MFUATILIAJI: Tumeweka kisikilizi cha cancel kwenye kidirisha, cha kusafisha fomu mtu akibonyeza Escape. Kichagua faili nacho kikighairiwa hutoa tukio linaloitwa cancel, na la kwake linapanda. Limefika kwenye kidirisha, likadhaniwa ni la kidirisha. Tuulize: tukio.target ni kidirisha chenyewe? Kama sivyo, turudi.

MZUIAJI: Na wakati malipo yanaendelea, nizuie Escape kwa preventDefault kwenye cancel.

MFUATILIAJI: Chrome itakukubalia mara ya kwanza. Mtu akibonyeza Escape tena mfululizo, kinafungwa. Mtumiaji hawezi kufungiwa ndani. Kwa hiyo hali ya malipo isikae ndani ya kidirisha; ikae mahali ambapo kidirisha kikifungwa bado inaonekana.

Madirisha ibukizi yale mengine, yanayofunguliwa kwa window.open ili mteja aende kwenye ukurasa wa benki, yana kanuni moja ya kukumbuka. Kivinjari huyaruhusu kwa kibali cha mbofyo wa mtu, na kibali hicho hudumu sekunde chache tu. Kodi inayoisubiri seva kwanza ndipo ifungue dirisha hufanya kazi ofisini penye intaneti ya kasi, na hufeli kwa mteja mwenye mtandao wa kusuasua: window.open inarudisha null, na yeye haoni kitu. Dirisha lifunguliwe tupu palepale kwenye mbofyo, anwani iwekwe seva ikishajibu.

Ugomvi uliobaki haukwisha. Tangu Chrome 134 ya Machi 2025, <dialog> ina sifa ya closedby, na fundi anaweza kuamua kwa neno moja ni vitendo gani vya mtumiaji vinaruhusiwa kukifunga kidirisha. Mzuiaji anataka "any" kila mahali: kwenye simu ndogo, anasema, watu wamezoea kugusa pembeni, na kuwanyima ni kuwasumbua. Mfuatiliaji anataka "closerequest" kwenye fomu yoyote yenye kitu cha kupoteza, yaani Escape na kitendo cha kurudi nyuma cha Android vifunge, lakini mguso wa pembeni usifunge. Mimi niko na Mfuatiliaji kwenye malipo na usajili, na niko na Mzuiaji kwenye menyu, kalenda na vichujio, ambako hakuna cha kupotea.

MPIMAJI: Chagueni mnachotaka. Lakini kabla hamjaniletea, andikeni jaribio hili na libaki kwenye kodi: fungua kwa 20,000, ghairi, badilisha iwe 35,000, fungua, thibitisha. Liangalie mambo mawili, idadi ya maombi na kiasi kilichomo. Yakienda zaidi ya moja, au likienda moja lenye kiasi cha zamani, toleo halitoki.

MZUIAJI: Na ghairi kwa njia zote?

MPIMAJI: Kwa kitufe, kwa Escape, na kwa kurudi nyuma kwenye simu. Ya simu nitaifanya mwenyewe kwa mkono.